Faili la mfumo limefunikwa na jingine: mwongozo kamili wa kulirudisha

Ulitaka kuongeza mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazopachikwa mashine ikiwaka, ukaandika `>` badala ya `>>`. Au uliipa `cp` majina mawili yakiwa yamepishana, chanzo kikakaa mahali pa lengwa. Au uliandika `tar cf` ukasahau jina la faili jipya, hivyo `tar` ikalichukua faili la kwanza kwenye orodha yako na kulifanya ndilo la kuandikia. Ulikuwa `root`, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, na `root` haulizwi mara mbili. Faili la zamani halipo tena.

Ila mashine bado inafanya kazi, na iliwaka kwa kutumia lile faili la zamani. Sehemu kubwa ya yaliyokuwemo imekwisha kusomwa na kusambaa kwingine: kwenye kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo), kwenye saraka za muda, kwenye nakala ambazo programu huziweka bila kukuambia. Kwa hiyo mara nyingi hakuna haja ya kulifufua faili kutoka diskini. Kinachotakiwa ni kujua nakala nyingine iko wapi, na kuifikia kabla hujaiharibu nayo.

Maelezo haya yanaielekea zaidi Linux. Pale FreeBSD na OpenBSD zinapotofautiana nayo kwa jambo la maana, nitasema.

## Kwanza, usifanye haya

Usizime wala usiwashe upya kompyuta. Usifunge dirisha ambalo tayari una mamlaka ya `root`. Kama `/etc/passwd`, `/etc/shadow` au `/etc/sudoers` ndilo lililoharibika, dirisha hilo linaweza kuwa mlango wako pekee. Ukiweza, fungua la pili sasa hivi likae pembeni.

Usianzishe upya huduma iliyokuwa ikitumia faili hilo, kwa sababu huduma inayoendelea bado ina mipangilio ya zamani kichwani. Usiendeshe `systemctl daemon-reload`, na usisakinishe wala kusasisha chochote kwa sasa: vifurushi vingi huiita amri hiyo vyenyewe mwishoni mwa usakinishaji. Sababu yake utaiona tukifika kwenye `fstab`.

Kama diski ni SSD, simamisha kazi ya kupangusa bloku zilizoachwa wazi, kisha tengeneza mahali pa kuokolea ambapo hapaigusi diski yenyewe:

```
systemctl stop fstrim.timer
mkdir -m 700 /dev/shm/okoa
```

`/dev/shm` hukaa kwenye RAM. Utakachokiweka humo kitapotea mashine ikizimwa, basi ukishapata kitu cha maana kihamishie kwenye flashi au kompyuta nyingine.

## Lilifunikwa kwa njia gani?

Swali hili watu huliruka, na ndilo linaloamua mambo mengi.

Mshale `>` pamoja na `cp` haviundi faili jipya kama lengwa lipo. Hulifungua lile lile, hukata urefu wake hadi sifuri, kisha humimina maandishi mapya. Inodi, yaani rekodi inayoujulisha mfumo bloku za faili ziko wapi, hubaki ile ile, lakini bloku za zamani zimeachiliwa. Ndiyo maana `sort orodha > orodha` huacha faili tupu: sheli, yaani programu inayopokea amri zako, hulikata faili kwanza, na `sort` inapoanza kusoma haikuti kitu. Programu iliyokuwa imelifungua faili hilo haitakusaidia, maana nayo sasa inaona yale mapya.

`mv` hufanya kazi tofauti. Hulichukua jina na kuliambatisha kwenye inodi nyingine. Inodi ya zamani hukosa jina, lakini data yake haiondolewi mpaka programu ya mwisho iliyoifungua iifunge. Wahariri wengi wa maandishi, na karibu kila msimamizi wa vifurushi, huhifadhi kwa mtindo huu. Basi kama ulitumia `mv`, angalia mafaili yaliyo wazi lakini hayana jina:

```
lsof +L1
cp /proc/812/fd/4 /dev/shm/okoa/
```

Hapo 812 ni namba ya mchakato na 4 ni namba ya faili ndani yake, kama zinavyoonekana kwenye safu za `PID` na `FD`. Ikiwa lililofunikwa ni programu yenyewe na bado inaendelea, njia ni fupi zaidi:

```
cp /proc/812/exe /dev/shm/okoa/
```

Kwa programu inayoendelea, `cp` na `>` kwa kawaida hukataliwa na kerneli kwa ujumbe `Text file busy`. Maktaba za mfumo hazina ulinzi huo. Ukiifunika `libc.so.6`, maktaba ya msingi ya mfumo, kwa `cp`, kila kitu kinachoitegemea kinaweza kuanguka papo hapo. Hali hiyo ina sehemu yake huko chini.

## Nakala ambazo zipo bila wewe kuziweka

Anza na jina la faili lenye alama ya kistari mwishoni. Zana kama `useradd`, `usermod` na `passwd` huacha `/etc/passwd-`, `/etc/shadow-`, `/etc/group-` na `/etc/gshadow-` kabla ya kubadili kitu. Nakala hiyo iko nyuma kwa badiliko moja, kwa hiyo mtumiaji uliyemwongeza mwisho huenda hamo.

Kisha `/var/backups`. Debian na Ubuntu huweka humo nakala za hali ya `dpkg`, na kwenye baadhi ya mifumo pia `passwd.bak`, `group.bak` na `shadow.bak`. FreeBSD na OpenBSD nazo hutumia saraka hiyo hiyo. OpenBSD hutia `.current` na `.backup` mwishoni mwa majina.

Mabaki mengine ni ya wahariri na wasimamizi wa vifurushi. Amri moja inayakusanya:

```
find /etc \( -name '*~' -o -name '.*.sw?' -o -name '*.dpkg-*' \
  -o -name '*.ucf-*' -o -name '*.rpmsave' -o -name '*.rpmnew' \
  -o -name '*.pacnew' -o -name '*.bak' -o -name '*.orig' \)
```

Faili la `.swp` la Vim hufunguliwa kwa `vim -r`. Na kama faili lenyewe bado liko wazi kwenye dirisha la mhariri mahali fulani, usilipakie upya. Lihifadhi kwa jina jingine, kazi imekwisha.

Mafaili kadhaa ya `/etc` yana kiolezo chini ya `/usr/share`. Kwenye Debian na jamaa zake, `/usr/share/base-passwd/passwd.master` ina watumiaji wa msingi wa mfumo, na `/usr/share/openssh/sshd_config` ndiyo mipangilio ya SSH ilivyokuja.

Kama mfumo wa mafaili wa diski ni Btrfs au ZFS, huenda snapshoti (nakala za hali ya mafaili ya wakati fulani) zipo hata kama hukumbuki kuziwasha. OpenSUSE, kwa mfano, huziwasha yenyewe kwenye usakinishaji wa kawaida. Zitazame kwa `snapper list` na ndani ya `/.snapshots`, au kwa ZFS ndani ya `.zfs/snapshot` kwenye mzizi wa kila dataseti. Saraka hiyo ya ZFS haionekani kwa `ls -a`, lakini ukiingia kwa `cd` inafunguka.

### Ikiwa ni /etc/passwd

Kiashirio cha sheli kikianza kuandika `I have no name!`, usishtuke. Michakato hujua namba za watumiaji, haijui majina, na namba hazijapotea. Rudisha `/etc/passwd-`, au kiolezo kama hiyo nayo haipo. Kisha linganisha na `/etc/shadow`, ambayo bado ina jina la kila mtumiaji, na uoanishe namba kwa kutazama nani anamiliki nini:

```
cut -d: -f1 /etc/shadow
ls -ln /home
pwck -r
```

Kila mstari unaoujenga upya una sehemu saba zinazotenganishwa na nukta mbili: jina, `x`, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo, saraka ya nyumbani na sheli. `pwck -r` hukagua bila kubadili chochote.

Kwenye FreeBSD ajali hii ni ndogo. `/etc/passwd` huzalishwa kutoka `/etc/master.passwd`, na `pwd_mkdb -p /etc/master.passwd` huitengeneza upya.

### Ikiwa ni /etc/fstab

Hili halitoki kwenye kifurushi chochote, kwa hiyo kusakinisha upya hakutasaidia. Wengi hukimbilia `/proc/self/mounts`, nayo inafaa, lakini huonyesha tu kilichopachikwa sasa, pamoja na machaguo mengi ambayo kerneli imejiongezea. Diski zenye `noauto`, yaani zisizopachikwa zenyewe, hazimo.

Kwenye mashine yenye systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma) kuna hazina bora. Wakati wa kuwaka, systemd husoma `fstab` na kuigeuza kuwa mafaili madogo ndani ya `/run/systemd/generator`, moja kwa kila mstari, na yale ya `noauto` yakiwemo. `daemon-reload` huyafuta na kuyaandika upya kutoka `fstab` ya sasa, yaani ile iliyoharibika. Yanakili kwanza:

```
cp -a /run/systemd/generator /dev/shm/okoa/
cd /dev/shm/okoa/generator
grep -E '^(What|Where|Type|Options)=' ./*.mount ./*.swap
```

Ule `./` si pambo. Faili la mzizi wa mfumo huitwa `-.mount`, na bila `./` `grep` ingedhani hilo ni chaguo la amri. Kama huna swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM), puuza lalamiko la `./*.swap`.

Sasa andika upya: `What` ni safu ya kwanza, `Where` ya pili, `Type` ya tatu, `Options` ya nne, isipokuwa swapu haina `Where`, weka `none`. Ukiona `/dev/disk/by-uuid/` ikifuatwa na namba ndefu, ni sawa na kuandika `UUID=` na namba hiyo; ithibitishe kwa `lsblk -f`. Safu ya tano weka 0. Ya sita weka 1 kwa mzizi wa ext4, 2 kwa ext4 nyingine, na 0 kwa XFS, Btrfs na swapu. Kagua kabla ya kuamini:

```
findmnt --verify
mount -a
```

### Mipangilio iliyo hai

Vitu vingine vinaweza kuchotwa moja kwa moja kutoka kwenye kerneli: kuta za moto kwa `nft list ruleset` au `iptables-save`, anwani na njia za mtandao kwa `ip addr` na `ip route`, thamani za kerneli kwa `sysctl -a`. Jihadhari na amri zinazofanana na hizi lakini zinasoma diski. `nginx -T` na `sshd -T` hufungua faili upya kila zinapoitwa, kwa hiyo zitakuonyesha uharibifu wako, si kile huduma inachokitumia.

## Faili lililokuja na kifurushi

Programu, maktaba na mafaili mengi ya mipangilio yana mwenyewe. Mtafute:

```
dpkg -S /usr/bin/tee       # Debian, Ubuntu
rpm -qf /usr/bin/tee       # Fedora, RHEL, openSUSE
pacman -Qo /usr/bin/tee    # Arch
```

`dpkg -S` ikisema haijui, jaribu tena bila `/usr` mwanzoni. Saraka `/bin` na `/usr/bin` zimeunganishwa, lakini baadhi ya vifurushi bado vimeandikishwa kwa anwani ya zamani.

Kwa programu na maktaba, kilichobaki ni amri moja: `apt-get install --reinstall coreutils`, au `dnf reinstall coreutils`, au `pacman -S coreutils`. Hakikisha tu kwamba yale ya kwenye `/run` umekwisha kuyanakili.

Mafaili ya mipangilio yana mtego. Msimamizi wa vifurushi hulichukulia faili ulilolibadili kuwa kazi ya mikono yako, naye huiheshimu. Utasakinisha upya mara kumi na `/etc/sudoers` itabaki vile vile ulivyoiharibu. Kwa Debian kuna machaguo ya kulazimisha, `--force-confask` na `--force-confmiss`, lakini mimi hupendelea kukifungua kifurushi pembeni na kuchukua faili ninalolitaka, bila kugusa mengine:

```
cd /dev/shm/okoa
apt-get download sudo
dpkg-deb -x sudo_*.deb ./sudo
install -o root -g root -m 440 ./sudo/etc/sudoers /etc/sudoers
visudo -c
```

Kwa jamaa za RPM, pakua kwa `dnf download sudo`, kisha `rpm2cpio sudo-*.rpm | cpio -idm`. Kumbuka unachopata ni faili lilivyotoka kiwandani. Mabadiliko yako itabidi uyarudishe kwa mkono.

Una mashine nyingine yenye toleo lile lile la mfumo? Nakili kutoka huko. Usifanye hivyo kwa `fstab`, `/etc/shadow`, `/etc/machine-id` au funguo za SSH za seva; hizo ni za mashine moja tu.

## Kilichovunjika ndicho chombo chenyewe

Vipi ikiwa uliyoifunika ni `cp`, au `chmod`, au maktaba ambayo zote zinaitegemea? Sheli iliyo wazi tayari imo kwenye kumbukumbu, na ina amri zake za ndani zisizohitaji programu nyingine. `echo /etc/*` huorodhesha saraka bila `ls`. Faili la maandishi hunakiliwa bila `cp` hivi:

```
while IFS= read -r m; do printf '%s\n' "$m"; done < /etc/passwd- > /etc/passwd
```

Kama BusyBox ipo, ijaribu kwanza: `busybox cp`, `busybox mv`, `busybox vi`. Mara nyingi hujengwa bila kutegemea maktaba za nje, ndiyo maana husimama hata `libc` ikianguka. FreeBSD na NetBSD zimeweka zana za aina hiyo kwa makusudi ndani ya `/rescue`, na kwenye OpenBSD zana za `/bin` na `/sbin` zenyewe hujitegemea.

Ikiwa `chmod` ipo lakini imepoteza ruhusa ya kuendeshwa, ipakie kwa mkono kupitia kipakiaji cha maktaba:

```
/lib64/ld-linux-x86-64.so.2 /usr/bin/chmod 755 /usr/bin/chmod
```

Anwani hiyo ni ya mashine za x86 za biti 64.

`libc` ikifa kwa kufunikwa na `cp`, hata sheli iliyo wazi inaweza kuanguka. Hapo usipoteze muda. Chukua flashi ya kuwashia.

## Mashine haiwaki tena

Washa kwa flashi yenye Linux, ikiwezekana ya familia na toleo lile lile. Tambua diski kwa `lsblk -f`, kisha ingia ndani ya mfumo wako:

```
mount /dev/sda2 /mnt
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt /bin/bash
```

Kama `/boot` au `/usr` ziko kwenye sehemu zao za diski, zipachike kabla ya `chroot`. Ukiwa ndani, kila kilichoelezwa juu kuhusu vifurushi kinafanya kazi. `chroot` ikikataa kwa sababu `libc` au sheli imeharibika, baki nje na ufungue kifurushi moja kwa moja juu ya mfumo: `dpkg-deb -x libc6_*.deb /tmp/libc`, halafu nakili faili linalohitajika hadi mahali pake chini ya `/mnt`. Usielekeze `dpkg-deb -x` kwenye `/mnt` yenyewe. Inaweza kuugeuza uunganisho wa `/lib` kuwa saraka ya kawaida na kukuzidishia tatizo.

Kama kilichoharibika ni nenosiri au `sudoers` tu, flashi si lazima. Kwenye menyu ya GRUB, kipakiaji cha mfumo kinachotokea mashine ikiwaka, bonyeza `e`, ongeza `init=/bin/bash` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, bonyeza Ctrl-X, na ukishapata sheli andika `mount -o remount,rw /`.

## Kuchimba diski

Hapa ndipo watu huanzia, na kwa maoni yangu ndipo mahali pa mwisho. Programu za kufufua mafaili zimetengenezwa kwa picha na nyaraka zenye alama inayotambulika mwanzoni. Faili fupi la maandishi halina alama hiyo, na ext4 hufuta ramani ya bloku linapokatwa. Lakini kama uliandika kitu kwa mkono, hakipo penginepo, na unakumbuka mstari mmoja wa kipekee, yafuatayo yanaweza kukuokoa. Ukiwa umewasha kwa flashi, na diski yako haijapachikwa:

```
grep -a -b -B 20 -A 200 'mstari unaoukumbuka' /dev/sda2 > /media/flashi/vipande.txt
```

`-a` huilazimisha `grep` ione diski kama maandishi, na `-b` huonyesha umbali kutoka mwanzo wa sehemu hiyo ya diski. Usiandike matokeo kwenye diski unayoichimba. Itachukua muda na kula RAM, kisha utapata takataka nyingi zenye vipande vya faili lako katikati, pengine matoleo yake kadhaa ya nyuma.

Diski iliyosimbwa kwa LUKS ifungue kwanza na uchimbe `/dev/mapper/`, si sehemu ghafi. Btrfs yenye ubanaji haitakupa kitu, kwa kuwa maandishi hayamo diskini katika umbo lake. SSD iliyokwisha kupangusa bloku hizo ndiyo basi tena.

## Ruhusa, na jaribio kabla ya kufunga dirisha

Yaliyomo yakiwa sahihi na ruhusa zikiwa siyo, bado faili ni bovu. `/etc/passwd` ni 644. `/etc/shadow` kwenye Debian ni 640 chini ya kundi `shadow`. Kwenye Fedora ni 000, na hiyo si kasoro. `sudo` ni 4755 kwenye Debian na 4111 kwenye Fedora, na bila ile 4 ya mwanzo haikupi mamlaka yoyote. Funguo za siri za SSH zikisomeka na kila mtu, `sshd` huzikataa.

Penye SELinux (ulinzi unaotegemea lebo za mafaili), lebo hupotea faili linapoundwa upya:

```
restorecon -v /etc/passwd /etc/shadow /etc/fstab
```

Kisha waulize wasimamizi wa vifurushi kama wanaona tofauti: `rpm -V sudo` hukagua yaliyomo, ruhusa na mwenyewe, `dpkg -V sudo` hukagua yaliyomo tu. Faili la mipangilio ulilolibadili kihalali litatokea pia, likiwa na herufi `c` kando.

Dirisha la `root` likiwa bado wazi, fungua jingine na uingie upya kama mtumiaji wa kawaida. Jaribu `sudo -v`. Kama ni seva ya mbali, ingia kwa SSH kutoka nje. Hayo yakipita ndipo uendeshe `systemctl daemon-reload`, urudishe `systemctl start fstrim.timer`, na uwashe upya ukiwa unaiangalia.

Ukitaka sheli ikatae `>` juu ya faili lililopo, weka `set -o noclobber` kwenye `~/.bashrc` yako na ya `root`. Unapokusudia kweli kulifunika, andika `>|`. Haizuii `cp`, `mv` wala `tee`. Kwa hizo, sakinisha `etckeeper`, inayoigeuza `/etc` kuwa hazina ya Git na kuhifadhi hali yake kila vifurushi vinapobadilika. Kurudisha faili huwa `git -C /etc checkout -- fstab`. Hazina hiyo ina `/etc/shadow` na funguo za seva ndani yake, kwa hiyo usiisukume kwenye seva ya Git ambayo wengine wanaisoma.